Mizigo ya Mlimani

Tafakari ya juma. Somo: Wagalatia 6:2–5

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Naomba juma hili tulisome somo letu tukiwa na mlima mbele ya macho, ingawa sisi wa Tanga tunaishi usawa wa bahari, na Kilimanjaro wengi wetu tumeuona kwa dirisha la basi la Arusha, tena siku zile tu ambazo mawingu yameruhusu. Mtume Paulo anawaandikia Wagalatia, “Mchukuliane mizigo na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo,” kisha, kabla wino haujakauka, anawaambia, “Maana kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe.” Wahubiri wengi huchukua aya ya kwanza wakaiacha ya pili, hasa siku ya harambee, na wengine hushika ya pili pale wanapoombwa msaada. Paulo ameziweka jirani, hatua tatu tu kati yake, wala haoni kwamba zinagombana.

Yuko kijana wa usharika wetu ambaye kila msimu wa wageni huenda Moshi kufanya kazi ya upagazi mlimani. Huko wapagazi huitwa wagumu, na wao wenyewe hujiita hivyo bila kuona haya. Alinieleza jinsi kazi inavyoanza getini: mizigo hupangwa chini, kila mmoja hupimwa kwenye mizani, na kanuni inataka mgumu asipewe zaidi ya kilo 20. Ndani ya uzito huo mna hema la mgeni, mtungi wa gesi, masufuria, viti vya kukunja, mayai yaliyofungwa kwa uangalifu, na siku hizi hata choo cha kubebeka, kwa kuwa wapo wageni wasiotaka kutumia vyoo vya kambini. Mzigo ukishapimwa, mgumu huuweka kichwani au begani, na mgongoni hubaki na begi lake dogo lenye sweta, blanketi na soksi za kubadili. Ana mzigo wa mwenzake juu, ana furushi lake mgongoni, na anapanda na vyote viwili. Sijapata kusikia ufafanuzi wa Wagalatia 6 ulionikaa zaidi ya huo, na kijana mwenyewe hakujua kwamba alikuwa akinihubiria.

Mgeni hutangulia asubuhi akiwa na chupa ya maji na koti la mvua. Wagumu hubaki nyuma, huvunja kambi, hufunga kila kitu, kisha humpita njiani wakienda kwa kasi, ili atakapofika akute hema limesimama na chai iko tayari. Usiku wa kupanda kileleni, ambao huanza kama saa sita kutoka kambi ya Kibo au ya Barafu, wengi wao hawaendi. Wanaokwenda ni waongozaji na wasaidizi wao. Wanaobaki hulinda kambi, na cheti cha kufika kilele cha Uhuru, kwenye meta 5,895, huandikwa jina la mgeni.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1889, tarehe 6 Oktoba, Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, hicho hicho kiitwacho leo Uhuru, nao ndio wa kwanza wanaojulikana kufanya hivyo. Meyer alikuwa amekwisha kujaribu mwaka 1887, na mwaka 1888 mlima hakuufikia kabisa, kwa sababu vita vya Abushiri vilimkuta huku kwetu, akatekwa pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakaachiwa kwa fidia. Aliporudi mara ya tatu alikuwa na wapagazi, na mmoja wao aliitwa Muini Amani, mtu wa Pangani. Wengine walipobaki chini au kushuka, yeye alikaa na wale wawili katika kambi ya juu, mahali palipozidi meta 4,000, akitunza moto na chakula wakati wenzake wanakwenda kwenye barafu na kurudi. Fikirini mtu wa Pangani, mtu wa minazi na mdomo wa mto, akilala usiku kwa usiku mahali ambapo maji huganda ndani ya ndoo. Majina ya Meyer na ya mlima tuliyakariri shuleni. La jirani yetu huyu sikulisikia darasani hata siku moja.

Sasa tuitazame aya ya tano, kwa sababu mlima unaifafanua kwa namna isiyobishaniwa. Kileleni Kilimanjaro, kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata hapa Raskazone. Mwili unaweza kuzoea, lakini huzoea kwa siku, si kwa saa, na ndiyo maana waongozaji husisitiza mwendo wa polepole na kupendelea kumpandisha mgeni juu mchana kisha kumshusha kidogo alale. Asiyezoea huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi, na hali ikizidi maji hujaa kwenye mapafu au ubongo huvimba, na hapo tiba inayoaminika kuliko zote ni kushuka, tena upesi. Tajiri anaweza kukodi wagumu 10 wamchukulie kila kitu mpaka choo, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumzoelea hewa. Mapafu ni yake na miguu ni yake. Furushi la namna hiyo Paulo analijua vizuri: hakuna anayeweza kutubu kwa niaba ya mwenzake, wala kumsamehe mtu kwa niaba ya aliyekosewa, wala kuamini kwa niaba ya mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima, hata kama mama yake anafunga na kuomba kila Ijumaa.

Ningeweza kuishia hapo, na somo lingekuwa limenyooka: hema na sufuria ni mzigo, tuchukuliane, pumzi ni furushi, kila mtu na lake. Lakini yako mambo yaliyotokea mwaka 2006 katika mlima Everest yanayonikataza kuishia hapo.

Everest una urefu wa meta 8,848, na kileleni oksijeni inayopatikana ni kama theluthi ya ile ya pwani. Juu ya meta 8,000 mwili hauzoei tena, hata ukae vipi. Unadhoofika tu, na wapandaji wengi huvuta oksijeni ya mitungi. Huko imejengeka hoja kwamba kila mtu ajihesabu peke yake, kwa kuwa hakuna mwenye nguvu ya kumbeba mwingine. Katikati ya Mei mwaka huo Mwingereza David Sharp alikwama upande wa kaskazini, chini ya mwamba ulio kando ya njia, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 40 walimpita wakipanda au wakishuka. Wachache walisimama na kujaribu kumsaidia. Wengine hawakumwona, au walidhani amekwisha kufa. Alifia pale. Edmund Hillary, ambaye yeye na Tenzing Norgay ndio wa kwanza kufika kilele hicho na kurudi salama, tarehe 29 Mei 1953, alisikitika hadharani kwamba kilele kimewekwa mbele ya uhai wa mtu. Mimi ninayeandika haya nikivuta hewa yote ninayoitaka sina ubavu wa kuwahukumu watu hao 40. Akili isiyopata oksijeni haifikiri kama yetu, na pengine hata sisi, tukiwa na oksijeni tele, tumewapita wengi.

Siku kama 10 baadaye, tarehe 25 Mei, Mwaustralia Lincoln Hall alifika kileleni, na wakati wa kushuka akaishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Masherpa, wenyeji wa milima ya Nepal wafanyao kazi ya kuongoza na kubeba mizigo, waliokuwa naye walihangaika kwa saa nyingi kumteremsha, wakimvuta na kumsukuma, mpaka giza likaingia na oksijeni yao ikawa inaisha, ndipo walipoamriwa kutoka chini wamwache waokoe maisha yao. Ilitangazwa kwamba amekufa. Kesho yake asubuhi kundi la watu wanne lilikuwa likipanda: Dan Mazur wa Marekani, Andrew Brash wa Kanada, Myles Osborne wa Uingereza na Jangbu Sherpa wa Nepal. Kwenye ukingo, yapata meta 8,600, wakamkuta Hall ameketi, koti limefunguliwa, hana kofia wala glavu, naye ni mzima.

Wakati huo walikuwa wamebakiza kama saa mbili tu kufika kileleni. Brash na Osborne walikuwa wamelipia safari hiyo fedha nyingi, na hali ya hewa siku hiyo ilikuwa nzuri. Walisimama. Wakamvika kofia na glavu, wakamfunga kamba asianguke, wakampa kinywaji, na wakampa oksijeni yao. Wakakaa naye kwa saa kadhaa, huku wakisisitiza kwa redio kwamba mtu huyu yu hai, mpaka Masherpa wengine walipopanda kumchukua. Muda wa kupanda ukawa umekwisha, wakarudi chini bila kukiona kilele. Hall alipoteza ncha za vidole, lakini alirudi nyumbani kwa mkewe na wanawe.

Oksijeni ile ilikuwa furushi lao. Kwa hoja yoyote ya mlimani, na hata kwa hoja niliyoitoa mimi mwenyewe aya chache zilizopita, pumzi ni ya mtu binafsi. Wao waliitoa begini wakampa. Hapo ndipo ninapoona kwamba mpaka kati ya aya ya pili na aya ya tano haukuchorwa na Paulo ili sisi tuutumie kama ukuta. Anayesema “hili ni furushi lako” ana haki ya kulisema kwa habari ya furushi lake mwenyewe. Akilisema kwa habari ya la mwenzake, aangalie sana kama si njia ya kupita kando. Wasomaji wa Biblia wataniambia kwamba nimefika kwa Msamaria mwema. Ni kweli, ila Msamaria alikuwa na punda na fedha za nyumba ya wageni, na aliendelea na safari yake kesho yake. Hawa wanne safari yao ilikwisha pale.

Wala Masherpa wa jioni ile ya kwanza wasisahauliwe, kwa maana habari hii ikisimuliwa huanzia asubuhi. Kazi yao ndiyo inayowaweka mahali pa hatari mara nyingi kuliko wageni, kwa sababu mgeni hupita penye hatari mara chache, na mbeba mizigo hupita tena na tena. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka katika maporomoko ya Khumbu, kwenye njia ya Everest upande wa Nepal, ikawaua wafanyakazi 16 wa Nepal waliokuwa wakiandaa njia na kupandisha mizigo.

Katika safari ile ya 1953 kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko picha ya kileleni. Kiongozi wa msafara, John Hunt, hakuwa mmoja wa wawili waliofika juu. Siku tatu kabla, yeye na Da Namgyal walijitwika hema, chakula, mafuta na mitungi ya oksijeni, wakapanda mpaka mwinuko wa zaidi ya meta 8,300, wakaitua mizigo hiyo pale, wakashuka. Ilikuwa akiba ya kambi ya mwisho ya Hillary na Tenzing. Kiongozi mwenye kundi kubwa la wapagazi chini yake, akiwa hana pumzi, anapeleka hema atakalolala mtu mwingine. Aya ya tatu ya somo letu inasema, “Maana mtu akijiona kuwa ni kitu, naye si kitu, ajidanganya nafsi yake,” na sijui kama Hunt aliiwaza siku hiyo, lakini aliitii.

Katika ibada zetu za shukrani tumezoea kusikia ushuhuda wa aliyefika: amehitimu, amepona, amejenga. Ni vema, tumtukuze Mungu pamoja naye. Lakini nimeanza kutamani kusikia na upande wa kambi. Binti akisimama na joho lake, yupo mama wa jumuiya aliyezunguka na daftari la michango miaka mitatu, jua la Ngamiani likimchoma, na mara nyingine akajazia mwenyewe pale wengine walipoahidi tu. Baba aliyepona kiharusi alikuwa na jirani aliyekuwa akimgeuza kitandani kila usiku. Hao hawaitwi mbele, na wengi wao hawataki kuitwa, jambo ambalo nalo tuliheshimu. Itoshe tuwajue kwa majina, na tuulize nani sasa anawabeba wao, kwa kuwa mbeba mizigo naye huumwa mgongo.

Kijana wetu anaondoka tena mwanzoni mwa Juni pamoja na wenzake wawili ambao hawajawahi kupanda. Mtu wa pwani hana nguo za baridi, na wagumu hukodi koti na buti kwa fedha ambayo ingekuwa sehemu ya malipo yao, na yapo makampuni yanayowalipa pungufu ya walichoahidiwa. Ibada ya Jumatano tutawaombea, na tutawaombea pia wageni watakaowapandisha. Mwenye sweta nzito, koti la mtumba lililo imara, au buti za namba 42 na 43, alete kwa mzee wa kanisa wa zamu kabla ya Jumapili. Soksi za sufu pia zinahitajika, hata zikiwa zimetobolewa kidogo, kwa sababu akina mama wa kikundi cha ushonaji wamesema watazishona.