Nilivyowakalisha Wachina na Waingereza Meza Moja

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya uwakala kati ya viwanda vya samani vya Foshan, katika mkoa wa Guangdong nchini China, na wanunuzi wa jumla wa Uingereza. Nilisoma shahada ya kwanza Guangzhou na ya uzamili Leeds, kwa hiyo wengi hudhani kwamba ninacholipwa ni ujira wa kutafsiri. Kutafsiri ndiyo sehemu nyepesi. Kazi hasa ni kuwakutanisha watu waliolelewa vizuri, kila upande ukijitahidi kuuheshimu mwingine kwa namna uliyofunzwa, na kuhakikisha kwamba hakuna anayerudi kwake akiamini amedharauliwa. Nitaeleza namna nilivyoandaa ziara moja ya Waingereza kule Foshan na ile ya Wachina waliokuja Uingereza mwaka uliofuata, kwa sababu katika ziara hizo mbili karibu kila jambo gumu la adabu lilijitokeza.

Tatizo lenyewe ni la kale. Mwaka 1793 balozi George Macartney alitumwa na Mfalme George III kwa Kaizari Qianlong kuomba, pamoja na mambo mengine, kwamba wafanyabiashara wa Kiingereza waruhusiwe kufanya biashara katika bandari nyingine zaidi ya Guangzhou, ambako biashara ya Wazungu ilikuwa imefungiwa tangu 1757. Maofisa wa kasri walimtaka afuate utaratibu wa kupiga magoti mara tatu na kuinamisha kichwa hadi chini mara tisa. Yeye akakubali kupiga goti moja tu, kama alivyofanya mbele ya mfalme wake. Maombi yake yalikataliwa. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu uzito wa suala la magoti katika uamuzi huo, na mimi sidhani kama ndilo lililoamua. Ninachokizingatia katika kisa hicho ni kwamba kila upande ulikuwa ukidai heshima kwa dhati, na kila upande uliona kwamba mwenzake ndiye asiyeijua.

Nilianza na jambo nililokuwa nimelibaini zamani. Mchina, hasa wa rika la wakurugenzi ninaofanya nao kazi, humheshimu mgeni kwa kumzidishia: chakula kingi kuliko kinavyoweza kulika, kiti cha juu, kumsindikiza hadi garini na kusimama pale mpaka gari liondoke. Mwingereza humheshimu mgeni kwa kumwachia nafasi: hamdadisi mambo yake, hamshurutishi kula, wala hamtwishi fadhila asiyoweza kuilipa. Mimi nilikulia Tanga, ambako mgeni haachwi aondoke hivi hivi, kwa hiyo upande wa kwanza haukunisumbua. Waingereza ndio niliotumia muda mrefu kuwachunguza kabla sijawaelewa.

Maandalizi ya Foshan yalianza na orodha ya majina. Kiongozi wa ujumbe wa Waingereza alikuwa mwanamke kijana, na chini yake alikuwemo fundi mkaguzi mwenye mvi aliyekaribia kustaafu. Nilijua kwamba wakiteremka garini bila maelezo, wenyeji wangemwendea mzee moja kwa moja, wampe mkono wa kwanza na kiti cha heshima, na mama wa watu angebaki nyuma akitabasamu kwa kujizuia. Kwa hiyo nilituma orodha mapema, nikiwapanga kwa cheo na kuandika majukumu ya kila mmoja, kisha nikawaomba wageni waingie ukumbini kwa utaratibu huohuo, kiongozi akiwa mbele. Waingereza waliliona jambo hilo kama gwaride, lakini walikubali. Niliwaomba pia wasiharakishe kuitana kwa majina ya kwanza. Katika ofisi za Uingereza hata mkurugenzi huitwa kwa jina lake la kwanza na mfanyakazi aliye mafunzoni, na huo ni ukarimu. Kiwandani Foshan mtu huitwa kwa jina la ukoo likifuatwa na cheo chake, na ukoo ndio unaotangulia jina. Kadi za biashara, ambazo siku hizi simu imezipunguza sana, zilipokewa kwa mikono miwili na kusomwa kabla ya kuwekwa mezani.

Chakula cha usiku ndicho kilichohitaji uangalizi mkubwa. Kiongozi wa ujumbe alikuwa amezoea kwamba heshima ya mwenyeji huonekana katika urahisi wake, yaani kila mtu akae apendapo. Katika chumba cha faragha cha mgahawa wa Kichina, meza ya mviringo ina ramani yake: mwenyeji mkuu hukaa akitazama mlango, mgeni mkuu hukaa kuliani kwake, na wengine hufuata kwa kadiri ya vyeo. Kabla ya kukaa kuna mvutano wa kistaarabu, huyu akimsukumia yule kiti bora, na mvutano huo ni sehemu ya shughuli yenyewe. Niliwaambia wageni wabaki wamesimama hadi waonyeshwe viti, wakatae mara moja au mbili kwa upole, kisha wakae. Samaki alipoletwa, kichwa chake kilielekezwa kwa mgeni mkuu. Vijiti vya kulia havikusimikwa kwenye bakuli la wali, kwa sababu vikisimama hivyo hufanana na vijiti vya udi vinavyochomwa kwa ajili ya marehemu.

Jambo moja nililazimika kulieleza kwa pande zote mbili. Mtoto wa Kiingereza hufundishwa kumaliza kilichomo sahanini. Mwenyeji wa Kichina akiona bakuli tupu huona kwamba mgeni hajashiba, na hulijaza tena. Mkiwaacha hivyo, mmoja atakula hadi aumwe na mwingine ataagiza hadi jiko lifungwe, wote wawili kwa adabu. Wageni niliwashauri wabakize kidogo, na mwenyeji nilimnong'oneza kwamba kwao mgeni akisema ameshiba mara ya kwanza, huwa ameshiba kweli.

Kuhusu pombe, mimi ni Mwislamu na sinywi, na mmoja wa wageni pia alikuwa hanywi kwa sababu za afya. Baijiu, pombe kali ya nafaka inayonywewa kwenye karamu za namna hii, mara nyingi huzidi asilimia 40 ya kileo, na kuikataa katikati ya shughuli, wakati mwenyeji amekwisha kusimama na kikombe mkononi, ni kumwaibisha mbele ya wafanyakazi wake. Dawa ni kusema mapema, kabla ya chupa kufunguliwa, kisha kushiriki kila mara kwa chai: unasimama wanaposimama, unainua kikombe kwa mikono miwili, na unapogonganisha unahakikisha ukingo wa kikombe chako uko chini ya ukingo wa cha mkubwa. Hilo la mwisho liliwapendeza sana Waingereza, wakawa wanashindana na wenyeji nani atashusha zaidi. Walijifunza vilevile kugonga meza taratibu kwa ncha za vidole wanapomiminiwa chai, ambayo ndiyo shukrani ya watu wa Guangdong. Simulizi la mitaani linaihusisha desturi hiyo na Kaizari Qianlong yuleyule, eti aliwamiminia chai wasaidizi wake akiwa amejificha kwa nguo za raia, nao wakakunja vidole badala ya kupiga magoti. Sina haja ya kulithibitisha. Nililisimulia mezani kwa sababu lingemfaa Macartney.

Asubuhi yake palikuwa na jambo zito: reli za droo katika shehena iliyotangulia zilikuwa zikikwama. Hapa pande hizi mbili zinafanana kuliko zinavyodhani, kwa kuwa zote hukwepa kusema neno kali usoni mwa mtu. Mwingereza anayesema ana wasiwasi kidogo anakaribia kuvunja mkataba, na Mchina anayesema jambo litakuwa na ugumu kidogo amekwisha kukataa. Wanatofautiana katika mahali pa kulisemea. Mwingereza husema kwa upole, kisha huliandika katika barua pepe na kuwanakilishia wahusika wote, akiamini kwamba huo ndio uwazi na kwamba hajamlenga mtu. Kwa meneja wa kiwanda, nakala hizo ni kuvuliwa nguo hadharani. Nilimwomba kiongozi wa ujumbe anipe lalamiko lote kwanza mimi, nami nikaenda kwa meneja wa uzalishaji ofisini kwake, sisi wawili tu, tukanywa chai kabla ya kugusa droo. Mchana ulipofika yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya wageni na kutangaza kwamba kiwanda kimeamua kubadilisha aina ya reli, na ujumbe ukamshukuru kwa kulishughulikia.

Suala la zawadi halikuwa gumu. Mtu mmoja ofisini Uingereza alipendekeza saa ya mezani yenye nembo ya kampuni. Nilimzuia, kwa kuwa kwa Wachina zawadi ya saa huhusishwa na mazishi. Wakapeleka vyombo vya kauri vya Stoke-on-Trent, na niliwaonya wasikate tamaa vikikataliwa mwanzoni au vikiwekwa pembeni bila kufunguliwa.

Ziara ya marudiano ilikuwa na kazi nyingine, maana sasa wenye kuzidisha walikuwa wanaenda kwa wenye kuacha nafasi. Ratiba ya kwanza niliyotumiwa ilikuwa na chakula cha mchana cha mikate iliyokatwa, inayoliwa wakati kikao kinaendelea, na baada ya saa 11 jioni wageni waliachiwa muda wao. Mwandaaji alinieleza kwa nia njema kabisa kwamba watu waliotoka safarini hawapaswi kuchoshwa. Nilijua kwamba Foshan mgeni aliyeachwa peke yake hotelini usiku wa kwanza huhesabika kuwa ametupwa. Tulipatana kwamba mikate ibaki, nami niwaeleze wageni kwamba mkurugenzi mwenyewe naye hula hiyohiyo, lakini jioni ya kwanza meneja wa upande wa Waingereza awakaribishe nyumbani kwake. Kwa Mwingereza kumfungulia mtu mlango wa nyumba ni heshima kubwa kuliko mgahawa wowote. Kwa mkurugenzi wa Foshan chumba cha faragha cha mgahawa ndicho cha juu, na bila maelezo angeweza kudhani kwamba wamebana matumizi.

Wageni niliwaambia mambo machache kabla ya kuteremka. Wasifike mapema, ingawa kwao kuwahi ni kumtukuza mwenyeji. Mwaliko wa nyumbani wa saa 1 usiku unataka mtu abishe hodi dakika chache baadaye, mwenye nyumba awe amemaliza pilika zake. Wasiulize umri, mshahara, wala kwa nini binti wa nyumba hajaolewa. Wamshukuru kila anayewahudumia, dereva na mhudumu wakiwemo, hata kama wanaona shukrani nyingi namna hiyo ni za watu wasiojuana. Zaidi ya yote, wakiulizwa kama wataongeza chakula, waitikie mara ya kwanza, kwa sababu mwenyeji anayeamini kwamba kumrudia mtu ni kumsumbua hatauliza mara ya tatu. Mkurugenzi wa Foshan alilitii hilo kwa bidii hadi akala pudingi mara mbili, akaniuliza kwa Kichina kama sasa anaruhusiwa kukataa.

Alipokusudia kumtumia mwenye nyumba chai ya thamani kubwa kama shukrani, nilimshauri aandike kadi kwa mkono wake, kwa kuwa kadi ya namna hiyo huwekwa juu ya kabati na kuonyeshwa wageni kwa wiki kadhaa. Alituma vyote viwili. Mke wa meneja alinipigia simu akiwa na wasiwasi, akitaka kujua anunue nini cha bei ileile na akipeleke lini. Nilimwambia asinunue chochote wiki hiyo, maana kule Guangdong anayelipa zawadi papo hapo huonekana anafunga hesabu. Aandike kadi yake ya shukrani, na deni lenyewe wasafiri nalo watakapokwenda tena Foshan.