Bluu niliichagua mimi

Nilitoka Bukavu, mashariki ya Kongo, 2009, mwaka mmoja baada ya lile tetemeko la Februari 2008. Niliacha ua wetu wa mtaa wa Funu una mti wa avoka, banda la sungura, na mtaro wa mawe ambao marehemu baba alikuwa akiukagua kila jioni kama mtu anayehesabu pesa zake.

Wiki jana mwenye pikipiki alinishusha juu kabisa. "Mkubwa, mwisho ni hapa." Nikadhani anataka kuongezewa nauli. Kumbe kweli njia imeisha. Palipopita gari la harusi ya dada yangu, sasa mtu anapita ubavuubavu, sanduku kichwani, mabati ya jirani yakimkwaruza bega. Nikapotea kwetu! Mtoto wa miaka kama saba ndiye aliyenifikisha mlangoni, akadai biskuti.

Najua mtasema ni vita. Ni kweli. Mbelgiji aliipanga Costermansville yake, ndivyo alivyoiita Bukavu, kwa watu wachache, leo tumepita milioni, waliokimbia vijijini wameingia na mlima haukuongezeka. Simlaumu aliyekimbia.

Kilichonikaa rohoni ni mtaro.

Siku ya pili mvua ikanyesha, ile ya saa nane mchana mnayoijua. Maji mekundu yakaingia jikoni na chupa za plastiki na kandambili ya mtu. Mama hakushtuka. Akapandisha gunia la makala, mkaa wa kupikia, mezani, akasukuma beseni kwa mguu mpaka mlangoni, bila hata kutazama. Mimi nikatoka na hasira zangu kumtafuta mjinga aliyeziba mtaro wa baba. Nikafuata mawe, moja moja, hadi yanapoingia chini ya ukuta wa matofali uliopakwa bluu. Vyumba vinne vya kupangisha. Choo kimekaa sawasawa juu ya mtaro.

Ile nyumba ni yangu. Hata bluu niliichagua mimi, kwa WhatsApp. Pesa nilituma 2016, picha nikatumiwa, nikazizungusha kazini Bulaya watu wanipongeze. Karatasi za ujenzi ninazo, zina mihuri mitatu. Aliyeigonga hajawahi kushuka ngazi hizi.

Usiku mdogo wangu akanifundisha kama mwalimu. Watafiti walilinganisha picha za karibu miaka 70, kuanzia za ndege za wakati wa Mbelgiji hadi za satelaiti. Wakaona mlima wetu unateleza polepole, na nyumba zilivyozidi, mteremko nao ukazidisha mwendo. Maji ya mapaa, ya mitaro, ya mabomba yanayovuja, yote yanazama udongoni.

"Ulijua haya ukajenga?"

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "ulisema vyumba vinne. Tukiacha mtaro wazi, vinaingia vitatu."

Ukuta wa bluu tayari una ufa, kidole changu kinaingia hadi kiungo cha pili. Nyumba ya mbao ya jirani imepinda tu, imesimama. Na zile chupa zilizopita jikoni kwetu zinashuka ziwani, kisha zinakwenda kuziba bwawa la umeme la Ruzizi. Umeme ukikatika, mimi sasa natukana kwa sauti ndogo.

Nyinyi mnaotuma pesa, acheni kuomba picha ya rangi. Ombeni picha ya mtaro mvua ikinyesha. Na muulizeni jirani wa chini, msimuulize ndugu yenu.

Nikaamua kubomoa choo. Mpangaji wa chumba cha mwisho, mama wa watoto watano aliyekimbia kutoka Shabunda, akanifungulia daftari: garanti, kodi ya miezi sita iliyolipwa mbele, sahihi ya mdogo wangu. Pesa hiyo imekwisha liwa na shule. "Baba, nikitoka hapa niende wapi?"

Sikubomoa. Asubuhi nikamkuta anapanga mifuko ya mchanga mlangoni pake, vizuri kabisa, anayageuzia maji upande wa jikoni kwa mama.