Tulivyorudisha majani ya bahari kwenye ufuo wetu

Kabla ya kupanda hata mche mmoja, ilibidi kwanza juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, liondoke. Nalitaja hili mapema kwa sababu wanaoniuliza habari za kazi yetu huanza na miche: inatoka wapi, inafungwaje. Juya likiburutwa juu ya majani ya bahari hung'oa jani pamoja na mizizi yake, na nyuma hubaki mchanga mtupu unaohamahama. Kenya ilipiga marufuku nyavu hizo mwaka 2001. Huku kwetu kusini mwa Kwale ziliendelea kuvutwa, kwani wanaozivuta ni vijana wasio na chombo, na marufuku haipikwi ikaliwa.

Nikiwa katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, niliwaendea kwanza wazee wa madema, ile mitego ya samaki. Hao ndio waliokuwa wakiumia moja kwa moja: tasi na pono wachanga hukulia majanini, na dema linalotegwa pasipo majani hurudi halina kitu. Mzee mmoja alisimama barazani akasema, "Wanangu, mimi nimewaona kasa wakila majani hapo hapo mnapovuta. Baba yangu aliwaona nguva." Kutoka kwangu maneno hayo yangepita. Kutoka kwake, vijana walinyamaza wakasikiliza. Mabishano yaliendelea vikao kadhaa hadi tukaelewana: sehemu moja ya ghuba ifungwe kabisa, na wavutaji wapewe nafasi kwenye mashua za mshipi. Wachache walikataa na mpaka leo twavutana nao.

Ya kupanda tulijifunza Gazi. Pale watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamefanya kazi na wanakijiji kwa miaka mingi, na mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni inayonaswa na mikoko tangu 2013, fedha zikaingia kwenye maji na shule. Majani ya bahari ni mimea kamili, yana mizizi, maua na mbegu, kwa hiyo huyapandi popote. Tulichagua mahali palipokuwa na majani zamani, penye kina kidogo, pasipopigwa na mawimbi ya upepo wa kusi. Miche huchukuliwa pembezoni mwa shamba lenye afya, kidogo kidogo, ili tusitoboe pengine kwa kuziba hapa. Kila mche uwe na kipande cha shina la chini na mizizi yake. Tunaupenyeza kwenye gunia la katani lililotandazwa chini na kubanwa kwa vigingi vya mti. Gunia huzuia mchanga usikimbie, kisha huoza mizizi ikiwa imeshashika. Kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yakishakupwa, na akina mama ndio wenye mkono mwepesi zaidi.

Adui aliyefuata alikuwa fuma, wale wanyama wa mviringo wa baharini wenye miiba. Wakizidi hula majani hadi shina. Wengi walitaka tuwaponde tu, lakini mimi naona wingi wao una sababu: kikande, samaki anayewala, amevuliwa mno. Tukaongeza sharti kwamba kikande anayenaswa karibu na eneo lililofungwa arudishwe majini akiwa hai. Sharti hili lilipingwa kuliko yote, na ndilo ninalolitetea kuliko yote.

Kuhusu jarife, wavu unaotegwa majini samaki wanase wenyewe, tulikubaliana lisilazwe usiku karibu na majani. Kasa na nguva huvuta pumzi juu ya maji. Wakinaswa chini hufa maji. Na nguva hawezi kufidia hasara upesi: mama hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima, huzaa mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwetu hajaonekana bado. Kasa wanakuja, na tasi wamerudi kiasi cha wazee wa madema kuyalinda majani wenyewe bila kuagizwa.

Shughuli tuliyo nayo sasa ni nanga. Boti za watalii hutia nanga juu ya majani na kila moja huacha shimo. Tumewaomba wenye boti wachangie maboya ya kufungia. Wawili wameshakubali, na baraza la kuzungumza na waliobaki litakaa kabla kusi haijaanza.