Gredi ya 7: kinachofundishwa, na mahali watoto wanapokwama

Ratiba ya Gredi ya 7 huwashtua wazazi kwa wingi wa masomo. Ukihesabu vizuri ni tisa tu. Sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) ilipoanza Kenya Januari 2023, masomo ya lazima yalikuwa 12, na mengine ya kuchagua juu yake. Jopo la Profesa Raphael Munavu, lililoundwa na rais kuchunguza mageuzi ya elimu, lilipendekeza yapunguzwe, na mengi yakaunganishwa. Biashara na kompyuta ziliingizwa katika somo la utangulizi wa ufundi, sayansi ya nyumbani ikaingia Kilimo na Lishe, afya ikaingia Sayansi Jumuishi, na muziki, uchoraji na mazoezi ya mwili yakawa Sanaa Bunifu na Michezo.

Kwa wiki kuna vipindi 40, kila kimoja dakika 40, si 35 kama alivyozoea mtoto hadi Gredi ya 6. Kiingereza, Hisabati, Sayansi Jumuishi na Sanaa Bunifu na Michezo huchukua vipindi vitano kila somo. Kiswahili, Elimu ya Dini, Masomo ya Jamii, Kilimo na Lishe, na ufundi huchukua vinne vinne.

Wingi huo wa masomo haumwangushi mtoto. Kinachomwangusha ni mambo machache yanayojirudia kila somo kwa sura tofauti, hasa vipimo na uandishi wa kile alichokiona. Mtoto asiyejua kugeuza dakika kuwa saa atakosea Hisabati Jumatatu, na Jumatano akosee Masomo ya Jamii kwa sababu ile ile, huku kila mwalimu akidhani shida ni ya somo lake.

Tuanze na Hisabati. Sehemu ya kwanza ni nambari: thamani ya tarakimu hadi mamia ya milioni, vigawo, sehemu, desimali, mraba na kipeuo cha pili. Mengi hapa ni marudio ya juu kidogo. Angalia tu kugawanya sehemu kwa sehemu. Mtoto anakumbuka kwamba kuna kitu cha kupindua lakini hakumbuki kipi, hivyo anapindua ya kwanza, au zote mbili. Katika 3/4 ÷ 2/5 inayopinduliwa ni ile ya kugawanyia, na jibu ni 15/8.

Kazi ngumu iko kwenye aljebra. Kosa linaloonekana karibu katika kila darasa ni mtoto kuandika 3a + 2b = 5ab. Si uzembe. Kwa miaka sita alama ya kujumlisha imemwambia "fanya hesabu, lete jibu moja", na sasa anaambiwa jibu linaweza kubaki na alama hiyo ndani yake. Kumkemea hakusaidii. Mpe nambari ajaribu: a iwe 2, b iwe 3. Upande wa kushoto anapata 12, wa kulia 30. Akishaona pande mbili zimekataa kulingana, haandiki tena 5ab kwa mazoea.

Milinganyo nayo huharibiwa na njia ya mkato ya "hamisha ng'ambo, badilisha alama". Chukua 2x + 5 = 17. Akihamisha 5 anapata 2x = 12, vizuri. Kisha anahamisha na ile 2 kwa mtindo huo huo, anaandika x = 12 − 2, anapata 10. Katika muhula wa kwanza ni heri kuisahau njia hiyo na kuandika kila hatua kwa pande zote mbili: toa 5 huku na huku, gawanya kwa 2 huku na huku, x = 6. Halafu airudishe 6 mahali pa x aone kama 17 inatoka. Hatua hiyo ya mwisho haichukui hata nusu dakika na ndiyo inayorukwa sana.

Mada ya isiyo sawa (kama x > 3) ni fupi. Kwenye mstari wa nambari, duara tupu lina maana nambari yenyewe haimo, duara lililojazwa lina maana imo.

Vipimo sasa. Mtoto anajua mita 1 ni sentimita 100, kwa hiyo anaandika kwamba mita mraba 1 ni sentimita mraba 100. Ni 10,000. Ukienda kwenye ujazo, mita ya ujazo 1 ni sentimita za ujazo 1,000,000, yaani lita 1,000. Asikariri kabla ya kuona. Chora kwa chaki mraba wa mita moja kwa mita moja sakafuni, ndani yake chora mraba wa sentimita moja, umwulize vingapi vitajaa mstari mmoja, na mistari ni mingapi. Hektari, ambayo ni mita mraba 10,000, hueleweka hapo hapo, maana ni uwanja wa mita 100 kwa 100.

Kwenye mwendo, kosa ni kuandika saa 1 dakika 30 kuwa saa 1.30. Gari likienda kilomita 90 kwa muda huo, kasi yake ni 90 ÷ 1.5, yaani kilomita 60 kwa saa, aliyetumia 1.3 atapata 69 na ushee na ataamini kikokotoo chake. Dakika zigawanywe kwa 60 kwanza, kila mara. Kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, aandike hatua zote: 72 km kwa saa ni mita 72,000 kwa sekunde 3,600, ambazo ni mita 20 kwa sekunde. Akizoea ndipo umwambie njia fupi ya kugawanya kwa 3.6.

Kanuni ya Pythagoras pia inaanzia darasa hili, na hushikwa haraka kwa sababu nambari za kwanza ni nzuri: 3, 4, 5, halafu 6, 8, 10. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuishia kwenye 100 badala ya kutafuta kipeuo chake. La pili ni kujumlisha hata pale upande mrefu umeshatolewa. Upande mrefu ukiwa 13 na mmoja wa mifupi ukiwa 5, unatoa: 169 − 25 = 144, upande ni 12. Akijumlisha atapata 194, upande wa karibu 14, na pembetatu yenye upande "mfupi" unaozidi ule mrefu. Mfundishe kulitazama jibu kwa jicho hilo kabla ya kupiga mstari chini yake.

Uchoraji wa pembe kwa bikari huharibiwa zaidi na kifaa kuliko akili. Bikari iliyolegea hubadilisha upana kati ya tao la kwanza na la pili, na pembe ya 60 inatoka 57. Kaza skrubu, chonga penseli, hakikisha ncha yake iko sawa na ncha ya sindano.

Kwenye fedha, jambo moja: asilimia ya faida hupigwa kwa bei ya kununulia. Bidhaa iliyonunuliwa Sh800 ikauzwa Sh1,000 imeleta faida ya asilimia 25, si 20.

Sayansi Jumuishi ina mada chache kuliko unavyotarajia, ila kila moja inataka mikono. Kuna usalama wa maabara na vifaa vyake, michanganyiko, asidi na besi, uzazi wa binadamu, ngozi na figo, umeme tuli, umeme wa saketi na sumaku. Shule nyingi zilizo ndani ya boma la shule ya msingi hazina maabara kamili. Hilo ni tatizo la kweli, lakini halizuii sehemu kubwa ya kazi ya mwaka huu.

Kiashiria cha asidi na besi, kwa mfano, hutoka kwenye maua mekundu ya haibiskasi. Ponda petali, mimina maji moto kidogo, acha dakika kumi, chuja. Kwenye maji ya limau rangi huelekea wekundu, kwenye maji ya majivu huelekea kijani. Jaribio likigoma, sababu huwa ni tatu: maji yamezidi hadi rangi imepauka, kiashiria kimekaa siku kadhaa kikaharibika, au kijiko kile kile kimetumika kwenye limau na majivu bila kuoshwa. Ukitumia spiriti badala ya maji rangi hutoka vizuri zaidi, ila spiriti isiwekwe kamwe juu ya moto wa wazi. Chombo chake kisimamishwe ndani ya maji moto, na moto uwe umezimwa.

Kutenganisha mchanganyiko wa chumvi, mchanga na unga wa chuma ni swali linalopendwa, na mpangilio ndio wenye alama. Sumaku kwanza, vitu vikiwa vikavu, na ifungwe kwa karatasi ili chuma kibanduke kirahisi. Kisha maji na kukoroga, chumvi iyeyuke. Kisha kuchuja, mchanga ubaki juu. Mwisho kuvukiza maji. Hapa watoto huwasha moto mkali hadi mwisho, na chumvi inaruka nje ya chombo. Zima yakiwa yamebaki maji kidogo, mengine yakauke polepole.

Saketi ya betri, waya na balbu: anayeshindwa kuiwasha mara nyingi ameunganisha waya zote mbili kwenye sehemu moja ya balbu. Balbu ina sehemu mbili za kugusa, ncha ya chini na chuma cha ubavuni, na umeme lazima uingie kwa moja utoke kwa nyingine. Betri mbili za volti 1.5 zikipangwa mfululizo hutoa volti 3. Zikiwekwa sambamba hubaki 1.5. Umeme tuli, kalamu ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele ikivuta vipande vya karatasi, hugoma siku ya unyevu kwa sababu chaji huvuja. Fanya mchana wenye jua kavu.

Halafu kuna uandishi, na mimi ningeutilia mkazo kuliko mada yoyote. Mtoto akiulizwa alichokiona anaandika "ni asidi". Hakuona asidi. Aliona karatasi ya litimasi ya buluu ikigeuka nyekundu. Asidi ni hitimisho. Alama hupotea hapa hata kwa mtoto aliyefanya jaribio bila kasoro. Gawa ukurasa safu mbili, ya kushoto kilichoonekana, ya kulia maana yake, na usikubali neno moja livuke mstari. Kusoma kipimo ni hivyo hivyo: maji ndani ya silinda hupinda, na usomaji huchukuliwa chini ya mpindo, jicho likiwa usawa mmoja nao. Aliyesimama wima juu ya meza anasoma nambari isiyo sahihi.

Mada ya uzazi inagusa mabadiliko ya ubalehe na mzunguko wa hedhi. Darasani wengi huficha maswali yao. Mzazi akijua wiki mada itakapofundishwa, azungumze na mtoto kabla, si baada.

Kilimo na Lishe ni somo la vitendo: kuhifadhi maji na udongo, kuandaa mahali pa kupanda, bustani ya kuning'inia, mayai na asali, kupika, kufuma, kutengeneza sabuni. Kwenye sabuni simama karibu. Soda kali (caustic soda) humiminwa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, na sufuria isiwe ya alumini kwa sababu soda huila. Glavu na miwani si mapambo.

Ufundi huanza na usalama kazini, kompyuta, uchoraji wa mkono huru, aina za malighafi, vifaa vya kushikia na kugongea, na ujasiriamali. Kwenye michoro vipimo ni milimita. Anayeandika 5 akimaanisha sentimita amechora kitu kidogo mara kumi.

Masomo ya Jamii yana ramani, mfumo wa jua, asili ya binadamu, ustaarabu wa kale, utumwa na haki za binadamu. Gumu ni hesabu ya saa kwa longitudo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani dakika 4 kwa kila nyuzi. Mashariki saa iko mbele, magharibi iko nyuma. Mahali pa nyuzi 30 mashariki pakiwa saa sita mchana, pa nyuzi 45 mashariki ni saa saba. Mtoto anayefikiri kwa saa za Kiswahili huandika 7:00 kwenye karatasi ya Kiingereza badala ya 13:00, na hesabu iliyokuwa sahihi inakosolewa.

Kiswahili na Kiingereza hupanuka kuelekea fasihi, insha na kuzungumza mbele ya watu, pamoja na sarufi kama aina za nomino na ngeli. Zaidi ya hapo, ukiona alama za sayansi zinashuka, jaribu kwanza kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu cha sayansi. Mara nyingine sayansi anaijua. Kiingereza cha kitabu ndicho kinachomshinda.

Tathmini ya mwaka huu si mazoezi. Matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9 hujumlishwa hivi: asilimia 20 kutoka mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wa Gredi ya 9 wenyewe. Kazi za tathmini za shuleni hutolewa na KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kenya, mwalimu husahihisha na kuingiza alama kwenye mfumo wa baraza hilo. Viwango vikuu ni vinne: kuzidi matarajio, kuyafikia, kuyakaribia, na chini ya matarajio.

Mambo yanayoharibika hapa ni ya kawaida sana. Mzazi anamtengenezea mtoto mradi, kisha mtoto anashindwa kueleza hatua zake. Au mtoto anakosa shule siku ya kazi ya vitendo na hakuna anayemkumbusha mwalimu amrudie. Usisubiri ripoti ya mwisho wa mwaka. Katikati ya muhula muulize mwalimu wa kila somo maswali matatu: kazi zipi za tathmini zimefanyika, mtoto amekosa ipi, na alama zimeingizwa kwa nambari ya tathmini ya nani (nambari ambayo KNEC humpa kila mwanafunzi). Nambari hiyo iandike nyumbani, uilinganishe na iliyo shuleni tarakimu kwa tarakimu, na jina lifanane na la cheti cha kuzaliwa.