Meli maana yake barua

Mwezi uliopita nilikwama Nyamisati kutwa nzima nasubiri boti ya kwenda Mafia. Injini nzima, nahodha yupo, maji yamejaa, tatizo moja tu, abiria hawajatosha. Kila ukiuliza unaambiwa subirini kidogo, wakiongezeka wengine tunang'oa nanga, na nyie mnaoijua Nyamisati mnajua, maji yakishatoka ndo basi tena mpaka yajae. Pembeni yangu alikaa mama mmoja anawahi maziko Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Hapo ndo nikaanza kufikiria habari za meli za barua, nimezisoma miaka na sijawahi kuziandika vizuri.

Anza na neno lenyewe. Meli limetokana na "mail" ya Kiingereza, yaani barua. Wazee walikuwa na majahazi, madau, mitepe na marikebu, chombo cha vita cha Wazungu wakakiita manowari, cha moshi wakakiita stima. Halafu ikaja stima inayofika kila mwezi na mifuko ya barua, wakaiita meli, na jina likaganda kabisa hadi leo chombo kilichojaa mafuta ya kula nacho ni meli. Mtu akisema "meli ya barua" kasema barua mara mbili.

Sasa kwa nini hiyo ilifika kila mwezi na vyombo vingine havikufika? Jahazi lilifuata upepo. Kaskazi inavileta vyombo kutoka Arabuni na India, kusi inavirudisha, kwa hiyo mfanyabiashara wa Unguja akiandika barua ya Bombay upepo ukiwa umeshageuka anakaa nayo miezi. Stima haingoji upepo, lakini inakula makaa ya mawe, na makaa ni pesa, hakuna tajiri atakayeyachoma kwa shehena ya nusu meli. Hapo ndo serikali ya Uingereza ikaingia. Mwaka 1872 kampuni ya British India ya William Mackinnon, Mskoti aliyeanza kwa kubeba barua za Calcutta na Rangoon, ikapewa mkataba wa kubeba barua kati ya Aden na Zanzibar kila mwezi. Mfereji wa Suez ulikuwa na miaka 3 tu tangu ufunguliwe, kwa hiyo ukishafika Aden umeshaungana na njia kuu ya London na Bombay.

Ninavyoona mimi, serikali hapo haikununua meli, ilinunua tarehe. Inakulipa kiasi fulani kwa mwaka, na wewe siku ikifika unaondoka, shehena ipo haipo, abiria watano au mia tano.

Wajerumani wakaona, na wao wakataka ya kwao. Mwaka 1890 bunge lao likapitisha sheria ya kutoa marki 900,000 kila mwaka kwa miaka 10, ikaanzishwa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie pale Hamburg, akina Adolph Woermann hao, tajiri wa meli, na meli ya kwanza ikaondoka Julai mwaka huohuo. Iliitwa Reichstag, jina la bunge lenyewe. Nyingine ikaitwa Bundesrath, jina la baraza la wawakilishi wa majimbo yao. Yaani yale mabaraza mawili yaliyopitisha zile hela yalikuwa yanatia nanga bandarini kwetu! Na hazikuwa zinapita Tanga na Dar kwenda kusini tu, kulikuwa na stima ndogo za kuzunguka bandari za pwani pia.

Simwagi sifa hapa jamani. Hela ile haikutolewa kwa ajili yetu, meli iliyoleta barua ndo hiyohiyo iliyoleta maofisa wa kuja kututawala na bunduki zao, na Mackinnon huyohuyo 1888 akapewa hati ya kifalme ya kampuni ya kutawala Afrika Mashariki. Sultani Barghash naye aliona nguvu ya kitu hiki mapema, akanunua stima zake mwenyewe, lakini mfuko wa mtu mmoja ungeshindanaje na hazina za Uingereza na Ujerumani.

Ila ule utaratibu wa kununua tarehe mimi nautaka, kwa Mafia, kwa vile visiwa ambavyo abiria hawatoshi kila siku na hawatakuja kutosha. Tenga hela, mwenye boti alipwe kwa kuondoka saa iliyoandikwa kwenye tiketi, akichelewa akatwe. Mtu wa Kilindoni anahitaji kujua boti inaondoka saa ngapi kama yule mfanyabiashara wa Unguja alivyohitaji kujua barua yake inafika lini.

Sisi tuliondoka jioni, maji yalipojaa tena. Yule mama alipigiwa simu tukiwa bado gatini, akasikiliza, akafunga simu, akaniambia, "Mwanangu, wameshazika."