Swichi inapitisha data fresh ila SSH inakugomea

Jumatatu asubuhi nilitaka kuingia kwenye swichi moja ya akses ya Cisco, ile inayounganisha kompyuta na simu za watumiaji, nibadilishe VLAN (kundi la mtandao) ya poti mbili tu, kazi ya dakika moja, SSH, ile njia salama ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali, ikagoma. Napiga ping inajibu. Watumiaji wako hewani, simu za mezani zinaita, hakuna aliyelalamika. Nikahisi nimekosea paswedi, nikarudia, wapi. Telnet, ile njia ya zamani ya kuingia kwa mbali, ndo ikaniambia ukweli, kwamba memori iko chini nijaribu baadaye, na hiyo baadaye haikufika.

Hapa ndo watu wengi huchanganyikiwa. Fremu, yaani vifurushi vya data, zinahamishwa na chipu maalum za ASIC toka poti hadi poti bila kugusa memori ya CPU, inayoisha ni ile ya prosesa, wanakobanana mfumo wenyewe, SSH, SNMP (inayojibu seva za monitaringi), logi na spanning-tree (inayozuia trafiki isizunguke duara). Kwa hiyo swichi inaweza kuwa mahututi na bado trafiki inapita kama kawaida, mpaka siku linki ikatike spanning-tree ianze kupiga hesabu upya, hapo sasa ndo utajua hujui.

Nikabeba laptop na kebo ya konsoli. Bahati nzuri konsoli ikafunguka, logi zimejaa MALLOCFAIL, yaani ombi la memori limekosa, kila baada ya sekunde thelathini hivi. Mkono ukaniwasha nitake kuizima swichi na kuiwasha tena, na kweli ingepona, ila ushahidi wote ungepotea halafu baada ya wiki kadhaa tungekutana palepale. Usiriboot kwanza! Washa kurekodi kwenye terminal yako, chukua kila unachoweza, hata kama konsoli ya biti 9600 kwa sekunde inatambaa mpaka unasinzia.

Ule mstari wa MALLOCFAIL usome mpaka mwisho. Una saizi iliyoombwa, una pool (fungu la memori), Processor au I/O, na una sababu. Wangu ulisema prosesi ya SSH imeomba baiti 65,536 kutoka Processor ikakosa, na papo hapo Free inaonyesha zaidi ya milioni 2. Sasa imekosaje? Nikaandika show memory statistics nikaangalia safu ya Largest, kipande kikubwa kuliko vyote kilicho wazi: baiti elfu 41 na kitu. Yaani nafasi ipo, ila imekatika vipande vipande na hakuna kipande kimoja kinachotosha, na mfumo wa aina hii hauvisogezi vipande ukaviunganisha. Tangu siku hiyo Free siiamini peke yake, naanza na Largest, halafu Lowest inayokuonyesha memori ilishuka mpaka wapi tangu swichi iwashwe. (Ingekuwa pool ya I/O ningekimbilia show buffers, hiyo ni habari nyingine kabisa.)

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuishuku SSH kwa sababu jina lake ndo lilikuwa kwenye logi. Kumbe anayelia ni yule aliyefika sufuria tupu, aliyekula kashaondoka. Mlaji anatafutwa kwa show processes memory sorted, safu ya Holding (memori ambayo prosesi inashikilia), na kuangalia mara moja hakusaidii kitu, maana namba kubwa inaweza kuwa ya kawaida tu kwa prosesi hiyo, unachotafuta ni inayopanda bila kushuka. Nikachukua picha ya orodha hiyo kila baada ya saa moja, prosesi zote zimetulia isipokuwa SNMP ENGINE, yenyewe inapanda tu. Nikaenda kwenye seva ya monitaringi nikakuta inasoma MIB nzima, yaani orodha yote ya taarifa za swichi, kila dakika, na aliyeiseti hivyo ni mimi mwenyewe, miezi mingi nyuma, kwa uvivu wa kuchagua OID (namba za taarifa moja moja) ninazozihitaji. Na bafa ya logi, memori inayotengwa kutunza logi, pia nilikuwa nimeiongeza kupita kiasi kwenye swichi yenye RAM ya MB 64, sijui nilikuwa nawaza nini siku hiyo.

Nikasimamisha usomaji wa SNMP, Holding ikaacha kupanda ila haikurudi chini, ina maana ule ni mvujo wa programu yenyewe, inachukua memori bila kuirudisha, mimi nilikuwa naukoleza tu. Nikapunguza bafa ya logi, SSH ikakubali kwa shida. Usiku nikapandisha toleo jipya la programu ambalo maelezo yake yalitaja mvujo huohuo, nikariboot kwa amani, nikabana SNMP kwa view, orodha ya kinachoruhusiwa kusomwa, isome OID chache tu, na nikaweka memory free low-watermark processor ili iandike logi kabla memori haijaisha.

Zile VLAN za poti mbili nilizikumbuka Jumatano.