Nilinunua rimu kabla sijapima tundu

Hapa sebuleni kwetu Tabata kuna rimu nne zimelala nyuma ya kochi, nyeusi, za kibabe kweli kweli, na mama watoto kashaziwekea vitambaa juu utadhani stuli za wageni. Laki tisa hizo. Na hazijawahi kukanyaga lami zikiwa kwenye gari yangu hata dakika moja. Naandika hii maana wiki hii tu watu watatu wamenisimamisha wananiuliza bro Hilux yako umefunga rimu za wapi mbona imesimama hivo, nikaona nikijibu mmoja mmoja nitachoka, acha nimwage yote hapa na aibu zake.

Gari ni Hilux Revo dabo kebini ya dizeli, haijaguswa kitu, ilikuja na tairi za lami 265/65R17 kwenye rimu yenye upana wa inchi 7.5. Kama wewe ni wa Masaki kwenda Posta na kurudi, hiyo inatosha wala usijisumbue. Mimi nina kashamba Mkuranga, ukishaiacha Kilwa Road pale kuna kilomita kama kumi na moja za mchanga na ukifika bondeni ni tope tupu, masika iliyopita nilinasa nikavutwa na trekta huku vijana wa pale wanacheka bila hata kuficha mdomo. Nikasema basi, nataka tairi kubwa.

Kosa sasa. Nataka tairi, nikaanza na rimu. Si unajua tena, rimu ndo zinaonekana, unalala na simu usiku unaangalia Revo za Thailand tairi zimetokeza nje ya fenda huko, asubuhi unaamka hujielewi. Nikampata jamaa anauza rimu inchi 18 zilizotoka kwenye Ford Ranger, nati sita, nikapima na rula toka katikati ya tundu moja la nati mpaka la upande wa pili nikapata kama milimita 140, na yangu pia ni hivo hivo (namba yenyewe ni 139.7, Ranger na Hilux hapo wako sawa). Nikampigia fundi, akanijibu "nati sita ni nati sita bosi, we leta." Nikalipa hela yote siku hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi gari iko juu ya jeki, fundi kanyanyua rimu kapachika, haiendi. Bolti zote sita zimepita vizuri kabisa ila rimu yenyewe imegoma kukaa, inaning'inia pale kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba yake. Akaipiga na nyundo ya mpira. Akaizungusha, akaipiga tena. Mwisho akaenda kuazima venia, kile kipimo cha milimita, kwa jirani akapima: ile habu (kitovu gurudumu linapofungwa) inayochomoza katikati ya Hilux ni milimita 106, tundu la katikati la rimu ya Ranger ni 93. Milimita 13 hizo huwezi kuzitoa kwa nyundo hata ukeshe. Fundi wala hakuona haya, akasema kuna mtu wa lezi anachonga, elfu ishirini kila rimu, Jumatatu zinaingia. Na mimi kiukweli nilishaanza kuhesabu elfu themanini.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mteja tu, alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri kubadilishiwa oili, akaniuliza, "Kijana, ofseti yake umeangalia?" Nikamwambia shikamoo mzee, ofseti ndo nini.

Iko hivi. Rimu ina upana, na huo upana una katikati yake. Ule uso wa rimu unaogusana na habu haukai katikati hapo, unasogezwa upande mmoja kwa milimita kadhaa, na hizo milimita ndo ofseti, mara nyingi zimeandikwa nyuma ya rimu kwa herufi ET. Namba ikipanda, tairi inazama ndani kwenye shokapu. Ikishuka, tairi inatoka nje, na ikifika hasi ndo zile gari unaona tairi imebaki nje yenyewe kama masikio. Hilux yangu ni 30. Ranger ni 55. Maana yake hata kama ningechonga lile tundu, tairi lingekaa milimita 25 ndani zaidi kuliko linavyotakiwa, afu nimeshapunguza chuma pale pale katikati panapobeba. Mzee akaniambia tu, "Kauze." Sijauza mpaka leo.

Kwaiyo hii habari ya nati sita ni nati sita ni uongo. Nissan Navara ile ya D40 ina nati sita lakini mduara wa nati zake ni milimita 114.3, hata bolti hazipiti. Mitsubishi L200 mduara ni ule ule wetu wa 139.7 ila tundu la katikati ni dogo kuliko hata la Ranger. Rimu inayoingia kwenye Hilux bila vita ni ya Prado zile za 120 na 150, nati sita, tundu 106, ofseti haipishani sana, we ukiona mtu ana Hilux ya rimu za Prado ujue huyo alipima. Land Cruiser kubwa, 200 na hizi 79 za saivi, ni nati tano, usipoteze nauli.

Kuna na wale wa kutoa tairi nje. Rimu wanayoipenda sana vijana ni upana inchi 9 ofseti hasi 12. Nilikaa nikapiga hesabu: ukilinganisha na ya kiwandani, ukingo wa nje unatoka milimita 61, vidole vitatu na ushee. Picha inapendeza, sibishi. Ila hapo beringi inavutwa kama umeshika ndoo ya maji mkono umenyooka, stelingi inakurukia kila shimo, na tope lote linapanda milangoni. Na ukikata kona tairi inachora duara kubwa zaidi kwaiyo inaenda kugonga fenda kwa nyuma, ndo unaanza kukata bodi ya gari ambayo bado unailipia mkopo.

Tuje kwenye tairi sasa, maana hapa ndo nilitakiwa kuanza. 265/65R17 kimo chake ni milimita 776. Hesabu sio ngumu: 265, ambayo ni upana wa tairi kwa milimita, mara asilimia 65 unapata ukuta wa pembeni, unazidisha mara mbili, unajumlisha rimu inchi 17 ambayo ni milimita 432. Nikalinganisha mbili, 265/70R17 inatoa 803 na 285/70R17 inatoa 831. Kumbuka gari inapanda nusu tu ya tofauti, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli, kwaiyo hiyo ya kwanza inakuinua milimita 13 na ya pili 27.

Moyo ulitaka 285. Mshkaji wangu anazo, tukafunga moja mbele kujaribu, nikakata stelingi mpaka mwisho nikarudi nyuma taratibu, krrrrrr. Plastiki ya ndani ya fenda inaliwa, na hapo gari haina mzigo wala haijaingia shimoni. Ukitaka hiyo lazima unyanyue gari na ukate bodi sehemu mbili tatu. Nikabaki na 265/70R17 ya AT, yaani ya lami na ya porini kwa pamoja, yenyewe inagusa kidogo sana madigadi nikirudi nyuma nimekata mwisho kabisa, fundi akaipasha moto akaisukuma, imeisha hiyo.

Watu wananiuliza mbona hukupanda rimu za inchi 20. Angalia ukuta wa pembeni: 265/50R20 ina kimo karibu sawa na tairi langu la zamani lakini ukuta ni milimita 132, hili langu jipya ni 185. Ukuta ndo mto wa gari. Mshkaji mwingine yuko na inchi 20, shimo moja tu usiku Mandela Road, rimu imepinda ukingo na tairi imetoa kivimbe kama ngumi. Na kwenye mchanga wa Mkuranga mimi nashusha upepo toka PSI 34 mpaka 18, tairi inatanuka inatembea juu ya mchanga badala ya kuchimba kaburi, sasa na ukuta mwembamba utashusha nini? Ukitoka mchangani jaza upepo kabla ya kushika lami, usije ukakimbia na 18.

Dukani Kariakoo nilikaa saa nzima nasoma pembeni ya tairi kama nasoma mkataba wa nyumba. Baada ya saizi kuna namba ya mzigo. Tairi langu la zamani ni 112, yaani kwa jedwali lake ni kilo 1120 kila moja. Kuna mtu alitaka kunipa za bei chee saizi hiyo hiyo ninayoitaka lakini ni 104, hiyo ni kilo 900, za gari ya familia, mimi napakia mihogo na nazi na siku nyingine simenti. Nilizochukua ni 121, kilo 1450. Afu kuna tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba inayoanza na DOT pembeni ya tairi, mbili za wiki mbili za mwaka. Moja aliyoniletea "mpya kabisa mzee, haijagusa ardhi" imeandikwa 1417, wiki ya 14 ya mwaka 2017. Nikamwambia kaka hii imemaliza darasa la saba. Akacheka, akaingia stoo akaleta nyingine.

Nikanunua tano, laki tano na ishirini kila moja. Ya tano ni ya spea, na inaingia chini ya bodi kwa kubanwa kidogo. Usifanye ujanja wa kubaki na spea ndogo ya zamani, siku ya pancha tairi hazilingani, ukiweka 4WD unaumiza gia boksi na difu.

Mabaya yake yapo. Nilipima kwenye mizani ya duka la nafaka: zamani tairi na rimu kilo 28, sasa 34, na ukiondoka kwenye mataa unausikia huo uzito. Mafuta nilikuwa napata kilomita 11 kwa lita, sasa dashibodi inaniambia 10, ila inanipunja, maana tairi likiwa kubwa kilomita zinahesabiwa pungufu kama asilimia 3 na kitu. Spido na yenyewe nilikuwa naogopa kupigwa tochi, nikapima kwa GPS ya simu, zamani ikisoma 80 nilikuwa kwenye 76, saivi ikisoma 80 niko 79. Gari ikiwa tupu inarusha kidogo. Masika hii bondeni nilipita mara nne, mara moja nikapita na wale wale vijana nimewabeba nyuma.

Na rimu? Ndo zile zile za kiwandani. Inchi 7.5 inabeba 265/70 bila shida yoyote, nimezipiga rangi nyeusi tu, laki moja na ishirini, na nati zake zile zile. Hapo kwenye nati msichanganye, jamaa aliniuzia na nati zake za koni, wakati rimu nyingi za aloi za Toyota zinataka nati yenye washa bapa, uzi unaingia sawa kabisa kumbe haijakaa, siku moja unaona tairi inakupita. Na ukishafunga, kaza tena baada ya kilomita hamsini hivi.

Mwenye Ranger aje azione hizi za nyuma ya kochi. Bei tutaongea, vitambaa vinabaki.